Msemaji Asiyeweza Kukaa

Jumatano, 1 Oktoba

Daktari Janice alitaka namba tu. Kila jioni niandike maumivu ni mangapi, kutoka sifuri hadi kumi, na nimeshinda nikifanya nini. Nikamwambia kwetu mtu hatoi namba bila hadithi yake. Akasema basi andika na hadithi, bora namba iwepo.

Leo ni saba.

Hadithi yenyewe ndiyo hii. Naitwa Mutinda, nina miaka arobaini na tisa, na kazi yangu ni ya kukaa. Nakaa katika chumba cha ving'ora cha kampuni ya ulinzi hapa Muthangari, nikitazama ukuta mzima wa skrini. Mtu akibonyeza kitufe cha dharura kule Lavington, taa nyekundu inawaka mbele yangu nami natuma gari. Miaka miwili sasa nimekuwa nikiumwa mahali ambapo mwanaume hapataji. Nitapataja hapa kwa sababu daftari halina macho: ni chini kabisa, katikati ya miguu, nyuma ya korodani, na kwa ndani. Nikikaa dakika ishirini nahisi nimekalia kokwa la parachichi. Mkojo unatoka kwa kusitasita, halafu baada ya dakika kumi unarudi kudai kuna kitu ulisahau. Mambo ya chumbani nayo tuyaache.

Nimezunguka sana. Duka la kwanza la dawa, huko mjini, liliniambia ni maambukizi, likanipa vidonge vya wiki mbili na kusema mama naye anywe. Kaindi, mke wangu, aliitazama dawa, akanitazama mimi, akaitazama dawa tena. Akanywa. Duka la pili lilitoa vidonge vingine, na mama naye anywe. Mara ya tatu Kaindi aliniuliza kwa upole, ule upole wake wa hatari, kama kuna jambo ningependa kumwambia. Hakukuwa na jambo. Mimi nikitoka kazini nafika hapa nyumbani Jamhuri kabla chai haijapoa, na yeye anajua.

Sasa Daktari Janice amenipima mkojo mara mbili, amenipima damu, ameangalia tezi dume. Hakuna kidudu hata kimoja, wala saratani. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nimerudi nyumbani nimenuna, kwa sababu nimemeza sumu ya wadudu miaka miwili na wadudu wenyewe hawapo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Sita. Mvua imenyesha dakika tano, ikaona aibu ikaacha.

Jumapili, 5 Oktoba

Nane, na nitaeleza kwa nini.

Leo ukoo umekutana sebuleni kwetu. Kanyiva anaolewa. Kanyiva ni mtoto wa marehemu kaka yangu Mwendwa, na tumemlea tangu akiwa na miaka tisa. Mchumba wake anaitwa Kuria, kijana mtulivu wa Dagoretti, baba yake ni Mzee Ndegwa mwenye nyumba za kupangisha na ng'ombe wa maziwa. Wanakuja kuzungumza mahari Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, na lazima tuwe na msemaji wa upande wetu. Binamu yangu Kasyoki, ambaye ndiye mkubwa wetu siku hizi, alisimama akasema msemaji ni Mutinda, kwa sababu ana ulimi na ndiye aliyekalia kiti cha Mwendwa. Watu wakapiga makofi. Kanyiva alinitazama kwa macho yanayong'aa nikashindwa kusema hapana.

Msemaji anakaa. Kazi yake yote ni kukaa kwa saa nne au tano, uso kwa uso na wageni, bila kujipindapinda kama mtoto kanisani. Kaindi alinitazama akiwa mlangoni mwa jikoni, akatikisa kichwa taratibu. Baadaye aliniambia niwaambie watu ukweli. Nikamuuliza niseme nini mbele ya wakwe, na kwa lugha gani. Sisi Wakamba tuna nthoni, haya ya mtu kwa wakwe zake, hata suruali hutaji mbele yao, seuze kilichomo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sita. Leo nimeelewa kitu.

Daktari Janice ni mdogo kuliko mimi kwa miaka kumi na tano, na siku ya kwanza aliponipima nilihesabu vigae vyote vya dari. Leo hakunipima, aliongea tu. Alisema mwili una walinzi wake. Kidudu kikiingia, au mahali pakijeruhiwa, wanafika, wanamwaga kemikali zao, panavimba, panauma, na hiyo ni kazi nzuri. Kazi ikiisha wanatakiwa kuondoka. Kwa wanaume wengine hawaondoki. Wanabaki hapo chini wakimwaga kidogo kidogo, neva zinachokozeka mpaka zinalia kwa jambo dogo, misuli inakaza kujilinda, na misuli iliyokaza inauma yenyewe. Kukiuma tena, walinzi wanaona vita bado ipo. Alisema wazi kwamba watafiti wangali wanabishana ni nani anayeanza, na kwamba si kila mwanaume yuko hivyo, ila maumivu yangu ni ya kweli na hayatoki kichwani.

Nikamwambia hiyo naijua, hiyo ni nyumba ya Lavington. Mwaka jana king'ora cha nyumba moja kililia kila siku saa tisa mchana. Tulituma gari mara kumi na moja, na mbwa, na msimamizi mwenyewe. Mwizi hakuna. Mwenye nyumba akataka tutume magari mawili. Mwishowe fundi akaenda, akakuta ni paka wa jirani anayepanda kiti cha bustani kuota jua mbele ya kile kifaa kinachonasa mwendo. Fundi alipunguza wepesi wa kifaa na kuhamisha kiti. Hakukizima, maana iko siku mwizi atakuja kweli.

"Sasa hizo antibiotics zote umemeza," daktari akasema, "ndizo zile gari mbili."

Alicheka mpaka akavua miwani. Ameniomba ruhusa ya kumtumia huyo paka kwa wagonjwa wengine, nikamruhusu. Kisha akafuta vidonge vya kuua bakteria, akaandika kidonge kimoja cha kulegeza njia ya mkojo, na kunituma kwa mama wa mazoezi ya viungo, chumba cha pili.

Huyo mama aliniambia ninabana misuli ya huko chini. Aliniuliza nimebana tangu lini. Nikasema tangu shule ya msingi.

Jumanne, 14 Oktoba

Tano. Zoezi langu ni kulala chali sakafuni, miguu juu ya sofa, na kupumua mpaka tumbo lijae na huko chini kulegee. Mimi nilidhani mwanaume hujenga misuli. Hapa nafundishwa kuiachia, na ni kazi ngumu kuliko kubeba simiti. Kanyiva aliingia akanikuta hivyo. Nikamwambia natafuta kifungo chini ya sofa. Akapiga magoti tukatafuta kifungo pamoja kwa robo saa.

Jumatano, 15 Oktoba

Tano. Mvua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tano tena. Mvua. Nimetembea hadi uwanja wa maonyesho na kurudi, viatu vimekuwa vya matope tupu lakini chini kumetulia. Kutembea ni dawa. Laiti mahari ingezungumzwa watu wakitembea.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nne! Sikukuu ya Mashujaa, sikwenda kazini, sikukaa. Kaindi ananijazia chupa ya maji moto kila jioni na kuniita Baba Chupa. Nimemtania kwamba sasa hata yeye amekubali sikumletea ugonjwa kutoka mjini. Akasema kesi iliahirishwa, haikufutwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Saba. Kesho.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kumi. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya friji.

Walifika saa tano asubuhi chini ya miavuli, watu kumi na wanane. Msemaji wao ni Ephantus, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kufika mstari wa nyuma wa gwaride. Mzee Ndegwa mwenyewe alipewa sofa kubwa. Akakaa kwa upande mmoja, bega limeegemea mkono wa sofa, uso umekunjwa kama mtu aliyeletewa chai baridi. Nikajisemea, hapa kuna mtu mwenye dharau.

Tulianza vizuri. Tukasalimiana, tukaomba, tukacheka kidogo. Ephantus akaanza kueleza walichokuja nacho: wale mbuzi watatu wa ntheo, ambao kwetu bila hao msichana si mke wa mtu, na vingine vya kawaida. Mimi nilikuwa nimekalia mto niliouficha chini ya kitambaa, napumua kwa tumbo. Dakika ya ishirini na tano kokwa la parachichi likafika. Nikainuka, nikaenda dirishani, nikashika pazia kana kwamba natazama mvua.

Ephantus alinyamaza katikati ya sentensi. Wageni wakatazamana. Kumbe kwa Wakikuyu kama wao, na hata kwetu, msemaji akiinuka anasema jambo: hamjafika, ongezeni. Wakaomba ruhusa waende ndundu, ule mkutano wao mdogo wa faragha, wakasimama nje chini ya hema wakinong'ona. Mimi nikapata nafasi ya kwenda msalani. Waliporudi walikuwa wameongeza tangi la maji kwa nyanya yake Kanyiva huko Mwala. Hatukuwa tumeitisha tangi. Kasyoki alinifinya paja kwa furaha.

Nikakaa tena. Dakika ya kumi na tano nikainuka. Wakaenda ndundu, wakarudi na mablanketi na asali. Upande wetu watu walianza kunitazama kama nabii. Mimi jasho linanitiririka mgongoni na siwezi kueleza, na kadiri nilivyoogopa kuinuka ndivyo nilivyobana, na kadiri nilivyobana ndivyo kulivyouma.

Mara ya tatu ndiyo iliyoharibu. Mzee Ndegwa, ambaye kwa mila hakupaswa kusema, aliomba aseme neno moja tu kuhusu marehemu Mwendwa. Alijikokota akasimama, akashika kofia kifuani. Alikuwa hajamaliza kusema "yule kijana" maumivu yalipopanda hadi kumi na mkojo ukaniita kwa nguvu. Nikainuka, nikapita mbele yake, nikatoka.

Niliporudi, nusu ya sebule ilikuwa tupu. Ephantus alikuwa mlangoni akifungua mwavuli. Hakuwa na sauti ya gwaride tena.

"Bwana Mutinda," alisema, "tumeelewa."

Wakaondoka bila kula. Mbuzi ameiva, muthokoi ya mahindi ya kukoboa iko tayari, chapati zimefunikwa kwa taulo, chakula cha watu arobaini. Mgeni wa mahari akiondoka bila kula nyumbani kwako, amesema neno ambalo halihitaji kusemwa.

Jumapili, 26 Oktoba

Tisa. Ndugu wanapiga simu kunipongeza. Kasyoki anasema tangu enzi za babu hajaona msemaji wa aina hii, na kwamba watarudi tu, wakiwa na ng'ombe. Kanyiva alipeleka chapati kwa majirani, nyumba kwa nyumba, bila kunisemesha.

Jumanne, 28 Oktoba

Tisa. Kanyiva alikuja kazini. Hajawahi kuja kazini. Alisimama mlangoni mwa chumba cha ving'ora, mkoba mkononi.

"Anko, kama hutaki niolewe na Kuria niambie tu," alisema. "Usinisaidie kwa kumtusi babake."

Nilimwambia nampenda Kuria. Akauliza, basi ilikuwa nini? Kulikuwa na wenzangu wawili ndani na taa nyekundu ikiwaka kutoka Lavington. Nikamwambia tutaongea nyumbani. Nyumbani sikuongea. Mimi ni mwoga, na hilo naliandika hapa kwa kalamu isiyofutika.

Jumatatu, 3 Novemba

Nane. Nimempigia Ndegwa mara nne, hashiki. Jioni Ephantus akatuma ujumbe: "Mzee amesema mwenye haraka ya kusimama aendelee kusimama."

Jumatano, 5 Novemba

Nane. Mvua usiku kucha na mchana kutwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nane. Mvua. Kuria hapiti tena kwetu jioni, na kikombe chake kiko juu ya rafu kimegeuzwa chini.

Alhamisi, 13 Novemba

Saba. Nilimpelekea Daktari Janice daftari. Nilidhani atasoma namba tu. Alisoma yote, mara mbili akacheka, na kwenye tarehe ishirini na tano hakucheka.

Alinionyesha kitu kwa ncha ya kalamu. Wiki nzuri ni zile nilipotembea, nilipopumua, na nilipokuwa na Kaindi ambaye anajua. Wiki mbaya ni zile nilipoficha. Nikamuuliza kama anamaanisha nikiungama nitapona, kama kanisani. Akasema hapana, asinidanganye, huu ni ugonjwa wa kwenda na kurudi. Ila hofu inakaza misuli, inanyima usingizi, na wale walinzi nao hawajui tofauti ya hofu na mwizi.

"Mwili wako unafikiri kuna vita," alisema. "Na wewe kila unapoficha unaupelekea vita."

Nilitoka nimekasirika, kwa sababu alisema kweli.

Alhamisi, 20 Novemba

Sita. Wanaume tukiwa tumekunja nyuso, wanawake wametengeneza. Kaindi na Mama Kuria walikutana Soko la Kawangware wakichagua viazi, wakaongea saa nzima, wakaagana na tarehe: Jumamosi, ishirini na tisa. Wageni watarudi mara moja tu. Sharti la Ndegwa ni kwamba msemaji aombe radhi kabla mtu hajakaa. Radhi isipotosha, wanachukua miavuli yao na hiyo ndoa imekwisha, Kuria mwenyewe ameambiwa hivyo. Kanyiva anajua. Amepungua mashavu.

Nilimwambia Kaindi nijiuzulu, Kasyoki awe msemaji. Akasema nikijiuzulu watasema nimemkana mtoto.

Jumapili, 23 Novemba

Saba. Kasyoki alikuja na uongo tayari ameufunga vizuri: niseme siku ile nilikuwa napigiwa simu na kazi, wezi walikuwa Lavington. Ni uongo mzuri. Unatosha kila kona. Nikauliza je, nikiinuka tena Jumamosi? Akasema nikae. Nikamwambia siwezi kukaa. Akauliza kwa nini, nikasema mgongo.

Hata kwa binamu yangu nimesema mgongo.

Jumamosi, 29 Novemba

Naandika jioni, namba nitaitafuta baadaye.

Hakukuwa na mvua asubuhi. Walikuja tisa tu, nusu ya wale wa kwanza. Ndegwa alikataa kukaa mpaka asikie radhi, kwa hiyo sote tulisimama sebuleni, wao upande wa mlango, sisi upande wa jikoni. Kasyoki alinigusa kiwiko: wezi, Lavington. Nilimwona Kanyiva kupitia upenyo wa mlango wa jikoni, ameshika taulo la vyombo kwa mikono miwili.

Nilianza na wezi. Nilisema, "Siku ile kazini," halafu ulimi wangu, huo niliochaguliwa kwa ajili yake, ukagoma.

"Baba Kuria," nikasema, "sikuinuka kwa sababu ya mbuzi, wala kwa kukudharau. Nina ugonjwa huku chini. Nikikaa ninaumia, na nilipotoka ukiongea juu ya kaka yangu nilikuwa nakimbia nisijikojolee mbele yako. Niliona haya kusema. Naomba msamaha."

Kasyoki alivua kofia akajifunika uso. Jikoni kijiko kilianguka. Mimi nilitazama zulia na kungoja miavuli ichukuliwe. Nthoni yote ya mababu zangu ilikuwa imenikalia mabegani, lakini ajabu, huko chini kulikuwa kumelegea.

Kisha Ndegwa akauliza, kwa sauti ya chini, kama watu wawili walio peke yao:

"Hiyo kitu yako, inaumanga ukikaa tu, ama hata ukimaliza kukojoa?"

Nikamwambia zote mbili. Akauliza kama inashuka hadi kwa paja. Nikasema upande wa kushoto. Akasema yake ni kulia.

Ephantus alifungua mdomo, na mimi sijawahi kuuona ukikosa kitu cha kutoa.

Ndegwa ana miaka minane nayo. Amemeza vidonge mpaka tumbo limekataa, na Mama Kuria naye amemezeshwa. Hajawahi kumwambia mtu mwingine. Ndiyo sababu siku ile alikaa upande mmoja na uso umekunjwa, na mimi nikaita dharau. Nikamuuliza basi kwa nini alikasirika hivyo, yeye angeelewa kuliko wote.

"Mimi nilikuwa nimekaa hapo nikiumia," alisema, "nikijiambia vumilia mzee, hii ni heshima. Halafu naona wewe unainuka tu vile unataka. Haikuwa hasira, Mutinda. Ilikuwa wivu."

Kasyoki ndiye aliyeanza kucheka, ndani ya kofia. Halafu Ephantus. Halafu jikoni kote. Ndegwa alicheka kwa uangalifu, ameshika kiuno, na mimi vivyo hivyo, kwa sababu kucheka nako kunavuta huko.

Ephantus alikiinua kiti cha kwanza akakitoa nje kwenye hema. Wengine wakafuata, mpaka sebule ikabaki na zulia tu. Mazungumzo yakafanywa watu wakiwa wamesimama, na mambo yaliyokula saa nne mwezi uliopita yalikwisha chai ikiwa bado moto. Nilitaka kurudisha lile tangi, nikasema lilipatikana kwa makosa. Ndegwa akakataa, akasema shosho wa Mwala anywe maji, makosa si yake. Kisha akamaliza lile neno lake juu ya Mwendwa. Waliwahi kukutana, kumbe, miaka mingi nyuma, gari la maziwa la Ndegwa likiwa limekwama kwenye matope na kaka yangu akavua shati kulisukuma. Nililia, na sikutoka nje.

Kwa mila Kanyiva akaitwa kuulizwa mbele ya wote kama tupokee walicholeta wageni. Akasema tupokee, na tule, kwa sababu mwezi uliopita aligawa chakula cha watu arobaini na bado mikono inamuuma.

Namba ni nne. Nimeitafuta vizuri, ni nne kweli.

Alhamisi, 4 Desemba

Tatu. Nimempeleka Ndegwa kwa Daktari Janice. Mapokezi walituambia tukae, tukajibu pamoja kwamba tuko sawa. Ndegwa alipotoka ndani nilimuuliza ameambiwa nini. Akasema kwanza atapimwa vizuri, asije akawa na kitu kingine, maana umri wake si wangu. Na halafu, alisema, ameelezwa habari ya paka fulani wa Lavington.

Jumanne, 9 Desemba

Sita. Sijui kwa nini. Nilitembea, nilipumua, nililala, na bado sita. Daktari alinionya kwamba itarudi mara kwa mara. Ndegwa amenipigia kuniuliza namba, nikamwambia, akasema yake tano, pole mkwe. Ni kitu kidogo, lakini nililala.

Ijumaa, 12 Desemba

Tatu. Mvua imekwisha, anga ni safi hadi Ngong. Sikukuu ya Jamhuri, hakuna kazi.

Kanyiva anapanga vitu vyake katika katoni. Harusi ni Aprili lakini anapenda kuanza mapema. Mimi nilikuwa sakafuni, miguu juu ya sofa, na sasa hakuna anayetafuta kifungo. Alikuja akakaa chini karibu na kichwa changu na picha mkononi. Ilikuwa ya siku aliyofuzu chuo kikuu, Desemba ya mwaka jana. Yeye na joho, Kaindi na kofia yake ya harusi za watu, mashangazi watatu, Kasyoki akitazama upande usio na kamera. Mimi simo.

Alisema siku ile aliniona nikiinuka kwenye viti vya wazazi, kabla majina ya kitivo chao hayajaanza kusomwa. Alinitazama nikienda mpaka nikapotea. Hakumwambia mtu. Mwaka mzima, alisema, alifikiri nilikuwa nimechoka, kwamba mtu akimlea mtoto wa kaka yake mpaka chuo anaruhusiwa kuchoka.

Sikujua kama aliniona. Nilibaki chali vile vile kwa sababu nilijua nikiinuka sitasema.

Nilimwambia nilikuwa nyuma ya hema la mwisho, nimesimama, nimeegemea kamba. Kipaza sauti kilisikika vizuri huko. Walisoma majina mia mbili na kitu na mimi nilingoja lake, na lilipofika nilipiga makofi peke yangu kati ya majenereta, mpaka mwanamke mmoja mwenye kuuza mashada ya maua akaniuliza huyo ni nani wako.

"Ukamwambia nini?" Kanyiva akauliza.

"Nilimwambia huyo ni msichana wangu."

Aliweka picha kifuani pangu, akalala chali sakafuni kando yangu, akapandisha miguu yake juu ya sofa karibu na yangu. Kaindi alipopita na chai alituruka wote wawili.